Dakika Arobaini

Tangazo lilifika Jumanne asubuhi, kabla Jentrix Khamala hajamaliza chai yake. Alikuwa na miaka ishirini na tisa, na katika ile kampuni ndogo ya Barabara ya Ngong, orofa ya tatu juu ya duka la vioo, yeye ndiye aliyeangalia seva. Walikuwa wafanyakazi sita. Wengine walitafuta wateja, wakapokea simu, wakaandika ankara. Mashine zilikuwa zake.

Kampuni ilikodisha kompyuta ambazo hazipo. Ndivyo mama yake, Sella, alivyopenda kuwaeleza majirani kule Lindi, mtaa wa Kibera, na hakuwa mbali na ukweli. Kulikuwa na mashine moja kubwa ya chuma kwenye chumba chenye baridi, na ndani yake programu iliyoigawa iwe kana kwamba ni mashine ishirini ndogo. Kila mteja alipewa moja, akaweka mambo yake humo, akajiona yuko peke yake. Kwenye chuma hicho kimoja walikaa pamoja chama cha ushirika, shule mbili, wakala wa kusajili magari na kliniki moja ya Kawangware. Hawakujuana wala hawakuonana. Kazi ya programu ilikuwa hiyo.

Tangazo lilisema programu ina kasoro. Katika sehemu inayoigiza kadi ya mtandao, kipande cha kumbukumbu ya mashine kilikuwa kinaachiliwa kikishatumika, lakini programu ilibaki na anwani yake, na baadaye ikarudi kukitumia tena bila kuuliza kama bado ni chake. Mtu mwenye ujuzi, akiwa amekodi mashine ndogo kama mteja mwingine yeyote, angeweza kuwahi pale palipoachwa, akapajaza maagizo yake, na programu ingeyasoma na kuyatii. Hapo angekuwa ametoka kwenye chumba chake na kuingia kwenye chuma chenyewe. Na aliye kwenye chuma anaona vya wote.

Marekebisho yalikuwa tayari, bure. Kuyaweka kulihitaji mashine kubwa izimwe na kuwashwa upya. Jentrix alipiga hesabu ya muda, akapata dakika arobaini.

Alikwenda kwa Wagaki, mwanamke aliyeianzisha kampuni na ambaye bado alijibu simu za wateja mwenyewe. Wagaki alimsikiliza vizuri. Akauliza kama kuna mtu yeyote duniani ambaye ameshavamiwa kwa njia hiyo. Jentrix akasema tangazo halijataja. Wagaki akamkumbusha kwamba Alhamisi ya wiki ijayo chama cha ushirika kingefanya mkutano wa mwaka, wanachama wakipiga kura kwa simu, na kwamba majaribio ya kura yalikuwa yanaendelea kila siku. Ada ya chama hicho ndiyo iliyokuwa ikilipa kodi ya ofisi. Akasema wangoje mkutano upite.

Jentrix angeweza kubishana. Mwezi wa tatu alikuwa amezima mashine nyingine kwa sababu kama hiyo, dakika kumi tu, na shule moja ikalalamika, na yeye akapewa barua ya onyo. Barua hiyo bado ilikuwa kwenye mkoba wake. Alirudi mezani, akamwandikia Wagaki barua pepe yenye mistari mitatu ili maneno yabaki kwenye maandishi, akajibiwa kwa neno moja: sawa. Chai ilikuwa imepoa. Akainywa hivyohivyo.

Alhamisi mteja mpya alijiandikisha. Alitaka mashine ndogo, ya bei ya chini kabisa, kwa mwezi mmoja. Jina lake lilikuwa Walubengo. Ni jina la Bungoma, walikotoka wazazi wa Jentrix, na lilimfanya aandike salamu ndefu kidogo kuliko kawaida. Yeye mwenyewe ndiye aliyemfungulia.

Ijumaa saa nne asubuhi mashine ya Walubengo ilizima ghafla. Akaandika kwa adabu kwamba anaomba radhi kusumbua, lakini mashine imekufa. Jentrix akaiwasha na kumjibu: pole sana kwa usumbufu. Saa nane ikazima tena. Akaiwasha, akaandika pole ileile. Jumatatu asubuhi ikazima mara ya tatu, na safari hiyo Walubengo alipiga simu. Sauti yake ilikuwa ya kijana mpole, mwenye kikohozi. Alisema yeye ni mwanafunzi, ana mradi wa kumaliza. Jentrix alimwambia avumilie kidogo, akaiwasha wakiwa bado kwenye simu, akamuuliza kama sasa imekubali.

"Imekubali," akasema. "Asante sana, madam."

Baada ya hapo haikuzima tena.

Kwenye tangazo la Jumanne, aya ya sita, kulikuwa na mstari uliosema kwamba jaribio lililokosea kwa kawaida huonekana kama mashine ndogo kuzima ghafla. Jentrix alikuwa ameusoma. Wakati Walubengo anapiga simu hakuukumbuka. Aliukumbuka Jumatano, saa tatu na nusu asubuhi, akimwangalia mwanamke wa makamo mwenye sweta ya kijani ambaye alikuwa amesimama mbele ya meza yake, amenyoosha simu.

Mwanamke huyo alikuwa Mideva, muuguzi aliyekuwa akiendesha ile kliniki ya Kawangware. Alikuja mwenyewe kwa sababu simu ya ofisi ilikuwa haipatikani. Kliniki yake ilitoa dawa za kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi. Wengi wa wagonjwa wake walikaa Kibera, na walivuka kuja Kawangware ili wasionekane na majirani, jinsi watu wa Kawangware walivyokuwa wakienda Kibera. Asubuhi hiyo wagonjwa wake walikuwa wameanza kupokea ujumbe. Mideva alimsomea mmoja. Ulianza na jina kamili la mtu, ukataja dawa anazomeza na mwaka alioanza, ukasema atume pesa kabla ya Ijumaa, la sivyo jamaa zake wote watajua.

"Hizi habari ziko kwenu tu," Mideva akasema. "Kwangu niko na karatasi, na karatasi ziko kwa kabati."

Jentrix alifungua orodha ya wateja, akatazama jina la Walubengo. Kisha akazima mashine kubwa. Hakumwomba mtu ruhusa. Aliweka marekebisho, akaiwasha, na ilichukua dakika thelathini na nane. Hakuna mteja aliyelalamika. Chama cha ushirika hakikugundua hata kidogo, na kesho yake kikafanya mkutano wake na kuchagua viongozi.

Watu wa ofisini walitarajia alie, na yeye mwenyewe alitarajia. Hakulia. Jioni hiyo alienda kwake Riruta, akapika ugali na mayai, akala yote, akalala hadi asubuhi bila kugeuka. Alipoamka alijihisi kama mtu aliyedungwa ganzi kwa daktari wa meno: anajua kuna kitu kinavutwa, haoni uchungu. Aliogopa kidogo kwa sababu hiyo, lakini hofu yenyewe pia ilikuwa mbali.

Wagaki aliandika barua ya kuomba radhi kwa wagonjwa, akaitia sahihi. Mideva aliwapigia wagonjwa wote mia tatu na kumi na wawili. Wengi waliitikia, wakaja kliniki, wakaelezwa. Ishirini na kitu hawakushika simu, au ilishikwa na mtu mwingine, na Mideva akakata bila kusema neno. Hao aliamua kuwafuata kwa miguu. Alitaka mtu wa kampuni awe naye, kwa sababu alichoka kuulizwa maswali ya kompyuta asiyoyaweza. Wagaki akaanza kusema atamtafuta mtu. Jentrix akasema ataenda yeye.

Walipanga hivi: Jentrix angesimama mbali, asijue anayetembelewa ni nani. Mideva angeingia peke yake. Mgonjwa akitaka kusikia kutoka kampuni, Mideva angemwita. Alimfanya atie sahihi karatasi kwamba chochote atakachoona hatakisema popote.

Ijumaa walizunguka Kawangware. Mideva alitembea haraka, mkoba umebanwa kwapani, akisalimiwa na watu ambao aliwajibu bila kusimama, ili isionekane anamjua nani. Upande wa Gatina, kwenye ploti ya mabati yenye mlango mmoja wa kutokea, Jentrix alingoja karibu na bomba huku wanawake wawili wakifua na kumtazama. Mtu wa hapo hakutaka kumwona. Wa pili hakutaka. Wa tatu, mwanamume, alifungua mlango, akamsikiliza Mideva sentensi moja, akaufunga taratibu, na wakasikia akiongeza sauti ya redio.

Aliyemwita wa kwanza alikuwa mwanamke aitwaye Mutanu, muuza mandazi, ambaye mikono yake ilikuwa na unga hadi kwenye viwiko. Alimkaribisha kwenye kitanda, kwa kuwa kiti kilikuwa kimoja. Alitaka aelezwe yote. Jentrix akaeleza. Alieleza kipande cha kumbukumbu kilichoachiliwa na programu iliyorudi kukitumia. Alisikia sauti yake ikitoka laini, kama ya mtu anayesoma taarifa ya habari, na akaendelea tu.

"Kwa hivyo mlango haukuvunjwa," Mutanu akasema.

"Haukuvunjwa."

"Alikuwa ni mteja kama sisi."

"Alikuwa mteja."

Mutanu akafikiria. Hakuuliza ni nani wala kama atashikwa. Aliuliza kama mwezi ujao atapata dawa pale pale ama kliniki itafungwa. Mideva akamwambia haitafungwa. Mutanu akasema basi, akainuka kugeuza mandazi yake yasiungue, na walipotoka aliwafungia manne kwenye gazeti. Jentrix aliyala njiani. Alijua yalikuwa ya moto.

Jumamosi ilikuwa zamu ya Kibera. Walipofika Lindi, Jentrix alimwambia Mideva ukweli: huku ndiko alikozaliwa, na mama yake bado anakaa ng'ambo ya daraja, kwa hivyo huenda akamjua mtu. Mideva akasimama, akafikiri, kisha akamwambia angoje kwenye kibanda cha kuchaji simu na asitazame anakoelekea. Jentrix akampa mgongo. Mwenye kibanda alimkumbuka, akamuuliza siku hizi yuko wapi, naye akasema Riruta, akaambiwa ameendelea.

Haikupita robo saa Mideva akarudi. Alisema mgonjwa ametaka kusikia kwa mtu wa kompyuta mwenyewe, na kwamba yeye hakumtajia jina la Jentrix.

Walipita nyuma ya choo cha kulipia, wakashuka kwenye ngazi za mawe, na kabla hawajafika Jentrix alishajua. Alisikia mashine ya kukata chuma. Kwenye njia ile kulikuwa na fundi mmoja tu wa milango ya chuma, na tangu akiwa mtoto alimwita Baba Audrey. Audrey, binti wa fundi huyo, alikuwa amekaa na Jentrix dawati moja tangu darasa la nne.

Mzee Osewe alizima mashine, akaivua miwani ya kazi. Alikuwa mrefu, amekonda kuliko alivyomkumbuka, mvi zimejaa vumbi la chuma. Alimtazama Jentrix, kisha Mideva, kisha Jentrix tena.

"Kumbe ni wewe," akasema.

"Ni mimi, Baba Audrey."

"Wewe ndio unaangalia hizo mashine?"

"Ndio mimi."

Mideva alitaka kusema kitu, labda kwamba wangeweza kumleta mtu mwingine, lakini Osewe alikuwa tayari amewavutia benchi. Aliwaingiza ndani ya kibanda, nyuma ya milango iliyosimamishwa ukutani ikingoja wenyewe. Akaomba barua. Akavaa miwani ya kusomea na kuisoma polepole, kidole kikifuata mstari. Ilikuwa barua ya ukurasa mmoja. Kidole kikasimama katikati.

"Hapa mmeandika shambulio halikutarajiwa."

"Ndiyo."

"Halikutarajiwa na nani?"

Tangu Jumatano, hakuna aliyekuwa ameuliza hivyo. Walikuwa wameuliza ni nani alifanya, alifanyaje, atashikwa lini. Jentrix alimtazama Mideva, na Mideva alikuwa anamtazama yeye, mkoba magotini.

"Mimi nilijua," Jentrix akasema. "Nilijua siku nane kabla. Si kwamba huyu mtu anakuja. Lakini nilijua mahali pa kupitia pako wazi."

"Siku nane."

"Ndiyo. Halafu alipokuwa anajaribu, mashine yake ilikuwa inazima. Mimi ndio nilikuwa naiwasha. Mara tatu. Nikamwambia pole."

Osewe akakunja barua mara mbili. Hakupaza sauti. Aliuliza ingechukua nini kupafunga. Jentrix akamwambia: kuzima mashine dakika arobaini.

"Stima ya hapa hupotea siku tatu," Osewe akasema, akionyesha balbu ya kibanda. "Tunangoja tu."

Mideva aliinamisha kichwa. Nje mtu alipita akiita wateja wa makaa. Jentrix alingoja kitu kimpate, aibu au chochote, na alihisi tu ubao wa benchi chini yake na harufu ya chuma kilichochomwa.

Kisha Osewe, akimwambia Mideva zaidi kuliko Jentrix, akaeleza yaliyobaki. Siku alipoandikishwa kliniki, mwaka elfu mbili na kumi na saba, simu yake ilikuwa imeibwa, na aliulizwa namba yoyote ya mtu wa karibu. Akatoa ya Audrey. Hakuwahi kuibadilisha. Kwa hivyo ujumbe wa Jumatano haukumfikia yeye. Ulimfikia Audrey, aliyeolewa na kukaa Nyayo Highrise, mwendo wa dakika ishirini tu kutoka hapo, ukiwa na jina la baba yake na majina ya dawa. Audrey alimpigia mchana huohuo. Hakumuuliza kama ni kweli. Alimuuliza swali moja: mama alikufa na nini.

Jentrix alikumbuka mazishi. Alikuwa kidato cha tatu. Watu wazima walisema ni kifua.

"Nikakata simu," Osewe akasema. "Nilidhani nitampigia jioni. Sikupiga. Na yeye hajapiga tena."

Mideva akamuuliza kama anameza dawa. Akasema anameza. Mideva akaomba kuiona chupa, na Osewe akaitoa nyuma ya kopo la misumari. Mideva aliitikisa, akasikia bado imejaa, akairudisha mkononi mwake na kuushika mkono huo kwa muda.

"Alhamisi uje," akamwambia. "Hata kama hutaki kuongea. Uje ukae tu."

Osewe akasema ataona. Jentrix alipoinuka, mzee alimwambia asimwambie Audrey kitu, kisha akavaa miwani ya kazi. Walikuwa bado kwenye ngazi mashine ya kukata ilipoanza tena.

Juu ya ngazi Mideva alisimama kupumua. Akamuuliza Jentrix kama yale aliyomwambia mzee anaweza kuyaandika. Jentrix akasema anaweza. Mideva hakumkaripia. Alisema tu kwamba wamebaki watu wanne, twende.

Kesho yake, Jumapili, Jentrix alikuwa kwa mama yake baada ya kanisa, akichambua mboga za kunde, simu ilipolia. Ilikuwa Audrey. Hawakuwa wamezungumza tangu sikukuu. Jentrix alitoka nje, akasimama kando ya ukuta.

Audrey hakuzunguka. Alisema amepata ujumbe wa ajabu kuhusu baba yake, na kwa kuwa Jentrix ndiye anayejua mambo ya kompyuta, amwambie: hawa ni matapeli wa kubahatisha, ama ni mambo ya ukweli.

Jentrix angeweza kusema ni matapeli. Sentensi ilikuwa fupi na ilikuwa tayari mdomoni. Audrey angeiamini, angalau kwa siku chache, na labda angempigia baba yake na kucheka. Angeweza pia kusema ni kweli. Karatasi aliyotia sahihi ilimkataza hilo, na Osewe alimkataza.

"Siwezi kukuambia," akasema.

"Huwezi ama hujui?"

"Siwezi."

Jentrix aliangalia kuku wa jirani akifukua takataka.

"Basi umeniambia," Audrey akasema.

"Audrey. Enda kwake. Usimpigie simu, enda."

"Wewe ulienda?"

Jentrix alilitaja jina lake tena tu. Simu ikakatwa. Alirudi ndani akaendelea na kunde, na mama yake alipouliza ni nani, akasema ni mambo ya kazi.

Jumatatu alimpelekea Wagaki ukurasa mmoja alioandika kwa mkono: tarehe ya tangazo, tarehe ya barua pepe na jibu lake, saa ambazo mashine ya Walubengo ilizima na nani aliiwasha. Alisema wagonjwa wanastahili barua nyingine. Wagaki aliusoma mara mbili. Akafunga mlango.

"Unajua hii itatumaliza," akasema.

"Najua."

Wagaki alikaa akiutazama ule ukurasa. Macho yake yalikuwa mekundu; yeye hakuwa amelala tangu Jumatano. Akauliza: kama siku ile angemwambia azime, angezima? Jentrix akasema ndiyo, papo hapo. Wagaki akachukua kalamu. Jentrix alidhani anakata jambo. Alikuwa anaongeza mstari juu kabisa, kabla ya yote: kwamba aliyeamua kungoja ni yeye, Wagaki, kwa sababu ya mteja mkubwa. Kisha akamwambia Jentrix akaipige chapa.

Barua ya pili ilitoka wiki hiyo, na nakala ikaenda kwa ofisi ya serikali inayosimamia habari za watu. Wachunguzi wakaja, wakahoji, wakabeba mashine. Namba ya Walubengo ilikuwa imesajiliwa kwa kitambulisho cha mwanamke mzee wa Busia aliyekuwa amekipoteza sokoni. Hakupatikana mwingine. Chama cha ushirika kilihama mwezi uliofuata, shule zikafuata, na ilipofika Agosti ofisi ya orofa ya tatu ikafungwa. Jentrix akapata kazi ya kutengeneza kompyuta katika chuo kidogo cha ufundi karibu na kwake. Mashine zake sasa zilikuwa za mezani, za kufungua kwa bisibisi, na alizipenda kiasi.

Osewe hakwenda kliniki Alhamisi ile. Hakwenda Alhamisi iliyofuata. Mideva alikuwa amezoea kumpigia Jentrix kumwambia wangapi wamerudi, bila majina, na Jentrix alikuwa amejifunza kusikia katika idadi hiyo kwamba yule mmoja bado. Wiki ya tano Mideva alisema wamerudi wote isipokuwa wawili, yule wa redio na mwanamke mmoja wa Gatina aliyehama bila kuaga. Jentrix akasema sawa. Alikuwa amesimama kwenye foleni ya kununua maziwa, na zamu yake ilipofika ilibidi aulizwe mara mbili anataka pakiti ngapi.

Alimwona Audrey mwezi wa tisa, Lindi, Jumamosi mchana. Jentrix alikuwa mlangoni kwa mama yake, akianika nguo. Audrey alikuja kwenye njia akiwa na kikapu, amefunga kitambaa kichwani, akitokea upande wa milango ya chuma. Alisimama mbele ya Sella, mama yake Jentrix, aliyekuwa amekaa na mguu wake mgonjwa ameunyoosha, akamsalimia kwa mikono miwili, akauliza mguu unaendeleaje, akasikiliza jibu lote. Akasema baba yake yuko salama, ana kazi nyingi. Kisha akainua kikapu na kupita katikati ya nguo zilizoanikwa, karibu kiasi kwamba Jentrix alisikia harufu ya sabuni yake, akaenda zake bila kugeuza uso.

"Kwani mmekosana?" mama yake akauliza.

Jentrix akasema hawajakosana. Alikuwa ameshika shati lililolowa, na maji yalikuwa yanamtiririka kwenye mkono hadi ndani ya nguo, baridi. Alilikamua tena, akalianika, akachukua lingine.